Boksi likifungwa, maelezo yafunguliwe

Ndugu msomaji, yapo malalamiko yanayojirudia katika maduka ya kompyuta. Mtu hununua programu iliyofungwa ndani ya boksi, akifika nyumbani na kulifungua hubaini kuwa alichonunua sicho alichokusudia. Jina la programu limeandikwa kwa herufi kubwa, lakini pembeni, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, imeelezwa kuwa ni ya kuboresha toleo la zamani tu. Asiye na toleo hilo haimfai. Mwingine hununua programu ya kuzuia virusi kwa ajili ya ofisi yenye kompyuta tatu, kumbe inakubali kompyuta moja. Akirudi dukani anaoneshwa kibao: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Je, kibao hicho kinamaliza mambo mbele ya sheria ya Kiislamu?

Wanazuoni wa fiqhi wameweka sharti kuwa kinachouzwa kijulikane kwa pande zote mbili: aina yake, kiasi chake na sifa zake. Kukosekana kwa ujuzi huo ndiko kunakozaa gharari, yaani biashara ya kubahatisha, ambayo Mtume (s.a.w.) ameikataza. Sasa tuitazame programu. Mnunuzi wa mchele hutia mkono guniani akaona punje. Mnunuzi wa programu haoni ila karatasi na plastiki. Hata akilifungua boksi atakuta sahani au kadi yenye namba. Kwa hiyo maelezo yaliyo juu ya boksi na kinywani mwa muuzaji ndiyo yanayosimama mahali pa jicho. Yakiwa na utata, bidhaa yenyewe haijajulikana.

Tuzingatie katazo la Mtume (s.a.w.) juu ya mnyama anayezuiwa kukamuliwa siku kadhaa ili chuchu zijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, aliyeuziwa hivyo amepewa hiari ya kubaki naye au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Angalia vizuri: muuzaji huyo huenda hakutamka uongo hata neno moja. Alichofanya ni kuliacha jicho la mnunuzi lijidanganye. Boksi lenye picha kubwa na sharti dogo lililojificha lina hukumu gani?

Jambo hili halikuwakuta watu wa maduka yetu peke yao. Mwaka 2006 kampuni ya Microsoft ilianza kuruhusu kompyuta kubandikwa kibandiko kinachosema kuwa zina uwezo wa kuendesha Windows Vista, iliyotoka kwa wateja Januari 2007. Baadhi ya kompyuta hizo ziliweza kuendesha toleo la chini tu, lisilo na mwonekano mpya uliotangazwa sana. Wanunuzi walifungua kesi mjini Seattle, Marekani, mwaka 2007. Kampuni ilijitetea kuwa toleo la chini nalo ni Vista. Mwaka 2009 mahakama iliwazuia wanunuzi kuendelea kwa pamoja kama kundi moja. Lakini swali la kimaadili halikuondoka: neno linaweza kuwa kweli kwa mwandishi na likampoteza msomaji.

Wenye maduka nao wana hoja. Wanasema mtu anaweza kuchukua boksi, akanakili programu, kisha akarudisha. Hofu hiyo ni ya kweli, na kunakili hivyo ni dhulma. Lakini hoja hiyo inawageukia wenyewe: kadiri mlango wa kurudisha unavyobanwa, ndivyo wajibu wa kueleza kabla ya kupokea fedha unavyozidi kuwa mzito. Hata mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya ProCD ya mwaka 1996, ilipokubali kuwa masharti yaliyo ndani ya boksi yanamfunga mnunuzi, ilizingatia kuwa aliyesoma akayakataa alikuwa na haki ya kurudisha na kupewa fedha zake.

Ama kile kibao, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafii, kujivua dhima ya kasoro hakumwokoi muuzaji ila katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Basi vipi kwa mwenye kuijua kasoro akainyamazia?

Ewe mfanyabiashara Muislamu, kabla ya kupokea fedha taja mambo manne: programu inahitaji kompyuta ya namna gani, inaruhusu kompyuta ngapi, inadumu muda gani, na kama inahitaji toleo la awali. Nawe mnunuzi, uliza, kisha majibu yaandikwe kwenye risiti.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha baraka hufutwa. Faida ya boksi moja lililouzwa kwa kunyamaza haifikii thamani ya baraka hiyo.

Wallahu a'lam.