SOMO LA AFYA: INI LIKIHARIBIKA, AKILI HUCHANGANYIKIWA

Ini husafisha sumu kwenye damu. Ini lililoharibiwa na pombe au virusi vya homa ya ini hushindwa kazi hiyo. Sumu itokayo tumboni husafiri na damu mpaka kwenye ubongo.

Dalili ni hizi. Mgonjwa hulala mchana, usiku yu macho. Akinyoosha mikono, inatikisika. Anasahau, anakasirika bure. Jamani, huo si uchawi! Msimcheke. Akitibiwa mapema, mara nyingi akili hurudi.

Mpeni daftari. Kila asubuhi aandike jina lake. Mwandiko ukiharibika, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Nyumbani fanyeni hivi:

1. Apewe dawa ya laktulosi kama daktari alivyoagiza, apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Choo kikifunga, sumu huzidi.
2. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Asinyimwe maharage wala maziwa.
3. Asipewe pombe wala dawa za usingizi.
4. Akitapika damu, au asipoamka, msingoje kesho.

MASWALI
1. Kwa nini mgonjwa asifunge choo?
2. Nyumbani kwenu nani atatazama daftari?