Injini inakatakata nikizungumza redioni

SWALI: Ndege niliyojiundia ina injini ya rota, Mazda 13B. Nikibonyeza redio kuzungumza, injini hukatakata. Ninunue kompyuta mpya ya injini?

JIBU: Usinunue bado. Ninashuku zaidi waya wa sensa ya mzunguko: mawimbi ya redio yakiingia humo, kompyuta husoma ishara za uongo na kutoa cheche wakati usiofaa. Weka waya wenye ngao, uupitishe mbali na koili na kebo ya antena. Kisha pima volti kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye betri, redio ikiwa inarusha. Zikishuka, safisha na kukaza ethi. Koili nazo zijaribu mojamoja, ndege ikiwa imefungwa ardhini, maana kila rota ina plagi mbili na moja ikifa nyingine huificha. Nakusihi, usiruke kabla hujapata chanzo.