Kitubio na Gunia la Korosho

Huko Masasi na Newala korosho ndiyo fedha ya nyumba. Kwa korosho watoto hupelekwa shuleni, nyumba huezekwa bati, na wagonjwa hutibiwa. Mavuno hupimwa katika chama cha msingi, huwekwa ghalani, kisha huuzwa mnadani. Utaratibu huo wa stakabadhi ghalani ulianza mwaka 2007, kusudi mkulima asipunjwe. Lakini penye fedha mshawishi hakosi. Yuko atiaye mchanga na kokoto katika gunia ili uzito uzidi. Yuko karani achezeaye mizani. Tena yuko mnunuzi wa kangomba, ambaye katika miezi ya njaa humpa jirani yake fedha kidogo, na wakati wa mavuno humdai korosho kwa kipimo chake mwenyewe na kwa bei ya dhuluma.

Mwaka 2018 Serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ikahakiki mashamba ya wauzaji ili wenye kangomba wasilipwe. Wahakiki walitazama mashamba. Mungu hutazama moyo.

Basi, wasomaji wetu wapenzi, yafaa tujiulize. Mtu wa namna hiyo akienda kuungama kabla ya Pasaka, akasema, "Padri, nimeiba," je, yametosha? Kanisa lafundisha kwamba mtubuji hudaiwa mambo matatu: majuto ya moyo, maungamo ya kinywa, na malipizi. Tena, kwa amri ya saba, aliyetwaa mali ya mwenzake hana budi kuirudisha. Ajutaye huku akilishikilia gunia hajajuta bado. Ameona haya tu.

Tumtazame Zakayo wa Yeriko. Bwana Yesu hakungoja alipe kwanza ndipo aingie nyumbani mwake. Aliingia, na Zakayo akasimama, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Huruma ilitangulia, malipo yakafuata. Haturudishi ili kununua msamaha, maana msamaha hauuzwi. Twarudisha kwa sababu toba ya kweli haiwezi kukaa nyumba moja na mali ya wizi.

Wengine watauliza: Je, nijiaibishe mbele ya kijiji kizima? La. Waweza kurudisha kwa siri, hata kwa mkono wa mtu mwaminifu; na padri amefungwa na siri ya kitubio, hawezi kuitoa. Je, mwenye mali amekufa? Warudishie warithi wake. Je, hajulikani, kwa kuwa kokoto zako zilishusha thamani ya korosho za wanachama wengi? Kirudishie chama, au wape maskini. Je, huna kitu sasa? Kusudia kwa kweli, uanze kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini asemaye, "Wote hufanya hivyo," huyo hajibu swali. Dhambi ya wengi haimpunguzii jirani yako njaa yake.

Maneno haya si ya wakulima wa kusini peke yao. Mwenye duka ana mizani yake, fundi ana vifaa alivyokabidhiwa, mtumishi wa ofisi ana saa alizolipwa bila kuzifanyia kazi. Kila mmoja wetu analo gunia lake.

Nanyi, akina baba na mama, kumbukeni kwamba mtoto aonaye baba yake akitia mchanga katika gunia amekwisha kupata fundisho, na katekista atakuwa na kazi ngumu ya kulifuta. Bali mtoto aonaye baba yake akichukua fedha na kwenda kuzirudisha kwa jirani, huyo amejifunza kitubio ni nini. Tusingoje Kwaresima nyingine. Jioni ya leo tujihoji dhamiri, na kesho tuanze kurudisha.