Kisu cha Randa Kilichochakaa Chaweza Kukereza Chuma

Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, zote huvuka mpaka katika mji wa Tunduma. Palipo na malori mengi hapakosi bushi iliyolika, pini iliyokatika wala shafti inayohitaji kukerezwa upya. Mafundi wa kazi hiyo hutegemea visu vya kukatia chuma, navyo huisha na kuhitaji kununuliwa tena. Wakati huohuo, karakana za useremala hutupa visu vya mashine za randa vilivyopungua upana kwa kunolewa. Kisu hicho chaweza kupewa kazi ya pili, mradi fundi akitambue kwanza.

Kutambua chuma chenyewe

Ncha inayokata chuma hupata joto kali. Chuma cha pua cha kaboni, kama cha msumeno wa mkono, huanza kupoteza ugumu joto linapopita nyuzi 200 za Selsiasi hivi. Mwishoni mwa karne ya 19, Frederick Taylor na Maunsel White wa Marekani walibuni njia ya kuchoma chuma chenye tangsteni na kromi kwa joto kubwa mno, kikabaki kigumu hata ncha ikipata moto. Kazi yao ilionyeshwa Paris mwaka 1900. Chuma cha jamii hiyo hupigwa alama ya HSS na huhimili nyuzi 600 hivi. Visu vingi vya mashine za randa ni vya aina hiyo.

Alama ikiwa imefutika, kisu kiguswe kidogo kwenye jiwe la kunolea linalozunguka. Chuma cha kaboni hutoa cheche nyingi, angavu, zinazopasuka kama nyota. HSS hutoa cheche chache, nyekundu zilizofifia, zisizopasuka sana. Ni vyema kulinganisha na cheche za biti ya kutobolea yenye alama ya HSS. Kingo zote mbili zipimwe, kwa kuwa visu vingine vina ukanda mgumu upande wa makali tu. Bamba la msumeno wa duara wenye meno ya kabidi halifai, kwa sababu ugumu uko kwenye meno, si kwenye bamba.

Kukata na kunoa

Kipande kikatwe kwa diski nyembamba ya grenda, kisivunjwe kwa nyundo. Kikishika moto hadi kuwa chekundu, kisitumbukizwe majini, maana kitapata nyufa ambazo huenda zisionekane kwa macho. Kiachwe kipoe chenyewe.

Kisu chenye unene wa milimita 3, kikisimamishwa wima, hufaa kukatia vipande na kuchimba mifereji myembamba. Hakifai kupunguza chuma kingi kwa mkupuo. Uso wa mbele unolewe ukiingia ndani kuelekea chini kwa nyuzi 6 hadi 8, na pande zote mbili zipunguzwe kidogo ili kisikwame. Kifungwe katika kishikio imara chenye mfereji na skrubu, ncha ilingane na kitovu cha kazi, na sehemu inayochomoza iwe fupi iwezekanavyo.

Kasi ya mashine

Kwa chuma laini, kasi ya mita 25 kwa dakika ni mwanzo mzuri wa ukerezaji wa kawaida. Zidisha 25 kwa 1,000, gawanya kwa 3.14, kisha gawanya kwa kipenyo cha kazi kwa milimita. Shafti ya milimita 25 itahitaji mizunguko 320 hivi kwa dakika. Kwa kukatia kipande, tumia nusu yake, yaani 160 hivi.

Usalama na huduma

Kisu kisichofaa huweza kupasuka na kurusha vipande usoni. Jicho likipotea halina kipuri. Miwani ya kinga ivaliwe wakati wa kunoa na kukereza. Glovu na mikono mirefu ya nguo isikaribie mashine inayozunguka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumkinga mfanyakazi wake.

Anayetaka kujifunza zaidi aulize mafunzo ya VETA na huduma za SIDO. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4, 4 na 2.

Fundi asinunue chuma chakavu kilichong'olewa kwenye reli au alama za barabarani. Na kisu ambacho cheche zake zinaacha shaka kisifungwe kwenye mashine. Kirudishwe kwenye chakavu.