Kitabu Kando ya Kitanda cha Mgeni



Ukipanga chumba katika hoteli ya Marekani au ya Uingereza, na hata katika baadhi ya hoteli za kwetu Afrika ya Mashariki, ukafungua mtoto wa meza iliyo kando ya kitanda, huenda ukakuta humo Biblia au Agano Jipya. Hukukiomba kitabu hicho wala hukukilipia. Katika hoteli nyingi za nchi za Ghuba utakuta Msahafu, mswala, na mshale unaoonyesha upande wa Kibla. Na katika hoteli za Japani mgeni aweza kukuta kitabu cha mafundisho ya Buddha.

Desturi hii ya Wakristo ina historia yake. Mwezi wa Septemba 1898, wafanya biashara wawili wasafiri, John Nicholson na Samuel Hill, walifika katika hoteli moja ya mji wa Boscobel, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani. Hoteli ilikuwa imejaa, basi wakapewa chumba kimoja ingawa walikuwa hawajuani. Nicholson alikuwa na ada ya kusoma Biblia kabla ya kulala, na usiku ule wakasoma na kuomba pamoja. Mwaka uliofuata, 1899, wao na mwenzao Will Knights wakaanzisha chama cha Wagideoni, na mwaka 1908 chama hicho kikaanza kuweka Biblia vyumbani katika hoteli moja ya jimbo la Montana.

Sisi Waislamu tunatofautiana nao katika mambo makubwa ya itikadi. Lakini hekima ni mali ya Mwislamu iliyopotea, aichukue popote aionapo. Tazama basi kitabu kile katika mtoto wa meza. Hakimwulizi mgeni jina lake, wala ametoka wapi, wala amefanya nini jana. Hakisimami mlangoni kumzuia asiingie. Akitaka atakifungua, asipotaka atalala. Hii ndiyo adabu ya kulifikisha neno la Mungu: liwekwe karibu na mkono wa mtu, kisha aachiwe uhuru wake. Kurani Tukufu imetangaza wazi kwamba hakuna kulazimishana katika dini (2:257). (Msomaji mgeni ajue kwamba sisi twaihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, kwa hiyo mwenye Msahafu wa chapa nyingine apunguze moja.)

SWALI LA MGENI MMOJA

Miongoni mwa wageni wanaolala katika vyumba hivyo yumo mmoja ambaye somo hili lamhusu hasa. Ni mtu mwenye imani, au anayeitafuta imani, ambaye tangu ujana wake moyo wake umevutwa na watu wa jinsia yake. Hakuichagua hali hiyo kama mtu achaguavyo nguo. Nyumbani hawezi kuisema. Sasa yuko peke yake, kitabu kipo karibu naye, naye aogopa kukifungua. Kwa maana ameambiwa kwamba ndani mna ukurasa mmoja unaomhusu, na kwamba ukurasa huo ni wa moto mtupu.

Swali lake ni hili: Je, mtu kama mimi aweza kuwa na dini? Je, mlango wa Uislamu uko wazi kwangu?

Wako wanaomjibu kwa matusi, na wako wanaomjibu kwa kuificha aya. Njia zote mbili si za haki. Mwenye kuuliza kwa moyo mnyofu astahili jawabu nyofu.

MAFUNDISHO YENYEWE

Uislamu umeiweka tendo la ndoa baina ya mume na mke waliooana, na nje ya hapo umelikataza, liwe baina ya mwanamume na mwanamke au baina ya watu wa jinsia moja. Nabii Lut a.s. aliwakemea watu wake kwa jambo hili (7:81-85). Jamaat Ahmadiyya yashika mafundisho haya, na mwalimu anayeyaficha ili apate wafuasi amewadanganya.

Wako Waislamu wa zama zetu waliofika kwenye rai nyingine. Mwanachuoni Mmarekani Scott Kugle, katika kitabu chake cha mwaka 2010, ameeleza kwamba kosa la watu wa Lut lilikuwa jeuri na ukatili, si mapenzi ya hiari. Sisi hatuikubali tafsiri hiyo kuwa ndiyo maana yote ya aya, kwa sababu Lut a.s. aliitaja tamaa yenyewe waziwazi (7:82). Lakini haki yatutaka tuseme kwamba wenye rai hiyo wametukumbusha jambo ambalo wahubiri wengi wamelisahau, nalo ni hili lifuatalo.

KISA CHA LUT NI KISA CHA WAGENI

Soma kisa hicho katika Sura Hud (11:78-82) na Sura Al-Hijr (15:62-73). Wageni wanafika nyumbani kwa Lut. Watu wa mji wanasikia, wanakuja mbio, wanakusanyika mlangoni. Lut anasimama baina ya umati na wageni wake, anawasihi wamwogope Mungu, wasimfedheheshe mbele ya wageni wake. Na katika Sura Al-Ankabut watu hao wanashutumiwa pia kwa kuwakatia watu njia (29:30). Basi miongoni mwa dhambi za mji ule ilikuwa kwamba mgeni hakuwa na salama ndani yake, wala njiani wala kitandani.

Sasa fikiri, ndugu yangu. Wanaposikia watu wa mtaa kwamba katika chumba fulani amelala mtu anayeshukiwa, wakakusanyika, wakavunja mlango, wakamtoa nje na kumpiga, je, wamefanana na nani katika kisa hiki? Wamefanana na Lut aliyesimama mlangoni kuwakinga wageni, au na umati uliokuja mbio? Watasema wanaipigania aya ya Lut, na kumbe wamesimama upande ule wa mlango waliposimama adui zake.

Tarehe 15 Februari 2025, karibu na mji wa Gqeberha, Afrika Kusini, Muhsin Hendricks alipigwa risasi akafa akiwa ndani ya gari. Huyu alisoma dini Pakistani, kisha akajitangaza kuwa ni mtu wa kuvutwa na wanaume, akaongoza huko Cape Town msikiti ulioitwa Masjidul Ghurbaah, jina lenye maana ya ugeni, uliowapokea watu wa hali hiyo. Masheikh wa Muslim Judicial Council, baraza la Waislamu lenye makao yake Cape Town, walikuwa wameyapinga mafundisho yake kwa miaka mingi. Hata hivyo waliyalaani mauaji hayo bila ya kusitasita. Walifanya vema. Hoja hujibiwa kwa hoja. Risasi haijapata kumwongoza mtu hata mmoja.

Sisi Waahmadiyya tungekuwa watu wa mwisho kulisahau hilo. Tarehe 28 Mei 2010 misikiti yetu miwili mjini Lahore ilishambuliwa wakati wa Sala ya Ijumaa, na zaidi ya watu 80 wakauawa. Tarehe 11 Januari 2023, huko Mahdi Abad nchini Burkina Faso, wazee wetu tisa waliuawa mmoja mmoja kwa kukataa kuikana imani yao. Waliowaua walidhani wanaisafisha dini. Aliyeonja uchungu huo hawezi kuufurahia unapomfika mwingine, hata kama mwingine huyo wanahitilafiana naye kabisa.

MLANGO WA CHUMBA

Kurani Tukufu imeamrisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tupate idhini na kuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi (24:28-29). Kisha yaja aya inayoruhusu kuingia nyumba zisizokaliwa ambamo tuna manufaa yetu (24:30), na wafasiri wamezitaja hapo nyumba za kufikia wasafiri. Ona jinsi Mungu alivyoweka sheria hata kwa mlango wa nyumba ya wageni! Mgeni akishafunga mlango wake, chumba kile ni nyumba yake kwa usiku ule.

Tena Kurani imekataza kupeleleza na kusengenya (49:13), na kuitana kwa majina ya kudhalilisha (49:12). Majina yale ambayo vijana huyapiga kelele mitaani kumfedhehesha mtu wa namna hii, Mwislamu asiyatamke. Na anayemsingizia mwanamke mtawa bila ya mashahidi wanne, yeye ndiye anayepigwa viboko 80 (24:5). Ama aya ya 17 ya Sura An-Nisaa, ambayo wafasiri kadhaa wameielekeza kwa wanaume wawili, haikutaja kifo, na inamalizia kwa kuamrisha waachwe wanaotubu na kujirekebisha. Hakuna mahali ambapo Kurani imempa mtu wa mtaani ruhusa ya kuwa mpelelezi, hakimu na mnyongaji kwa wakati mmoja.

MANENO KWAKO WEWE ULIYE CHUMBANI

Kama wewe unayesoma ndiwe mgeni huyo, yapokee maneno haya kutoka kwa ndugu.

Kwanza: kuvutwa si kutenda. Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yale yanayopita katika nafsi zao, maadamu hawajayatenda wala kuyatamka. Basi usijihesabu kuwa umelaaniwa kwa sababu ya jambo linalopita moyoni mwako bila ya kuliita.

Pili: usikubali kuitwa kichaa, wala usimpe fedha yako yeyote anayekuahidi dawa. Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii katika orodha yake ya maradhi mwaka 1990. Wala usimwoe binti wa watu, au kuolewa, ili kuyafunika macho ya jamaa tu. Ndoa ni amana ya watu wawili, na huyo mwenzio naye ana moyo wake na haki yake.

Tatu: usikifunge kitabu kwa sababu ya ukurasa mmoja. Kurani Tukufu ina sura 114, na tangu mwaka 1953 imepatikana kwa Kiswahili pamoja na maelezo, tafsiri iliyotolewa na Jamaat mjini Nairobi kwa juhudi za Sheikh Mubarak Ahmad. Isome yote. Utaikuta aya inayowaita waliojidhulumu nafsi zao wasikate tamaa ya rehema ya Mungu (39:54), na ile isemayo kwamba Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake (2:287). Kurasa hizo nazo zakuhusu wewe.

Nne: usingoje utakasike ndipo usali. Sala ni maji, na hakuna mtu angojaye awe safi ndipo aoge. Ukianguka, simama, tawadha, urudi tena.

Tano: usiinue mkono dhidi ya nafsi yako. Kurani imekataza tusijiue, na hapo hapo ikaongeza kwamba Mungu ni Mwenye kuturehemu (4:30). Usiku unapokuwa mzito, mtafute mtu mmoja mwaminifu mwenye kuitunza siri, useme naye. Ukimya mrefu umewaua watu wengi kuliko dhambi waliyokuwa wakiiogopa.

Hatusemi kwamba mzigo huu ni mwepesi. Kujizuia umri mzima ni jihadi kubwa, na mwenye mke na watoto ambaye hajui usiku wa upweke asiwe mwepesi wa kuhubiri subira kwa mwenzake. Twasema tu kwamba Mungu, anayeujua uzito wa mzigo kuliko anayeubeba, hakuweka mlinzi mlangoni pa rehema yake wa kuuliza nani aingie.

WAJIBU WA WALIOFANYA BAIAT

Nanyi ndugu wapya mlioingia katika Jamaat, kumbukeni masharti kumi aliyoyatangaza Seyidna Ahmad a.s. mwezi wa Januari 1889. Sharti la pili latutaka tujiepushe na zinaa na tamaa za nafsi. Lakini la nne latutaka tusimdhuru kiumbe yeyote wa Mungu kwa ulimi, kwa mkono wala kwa njia nyingine, na la tisa latutaka tushughulike na kuwahurumia viumbe wote kwa ajili ya Mungu. Asiyeshika la pili amevunja ahadi, na asiyeshika la nne na la tisa naye ameivunja vile vile. Hakuna aliyefanya baiat kwa sharti moja tu. Wala tusisahau wito wa Khalifa wa Tatu, r.h., alioutoa mwezi wa Oktoba 1980 alipoweka jiwe la msingi la msikiti wa Pedro Abad, Hispania: kuwapenda watu wote na kutomchukia yeyote.

Basi tuwe kama kitabu kile kando ya kitanda. Maneno yaliyomo hayabadiliki ili kumpendeza mgeni, wala hakimtupi mgeni nje ili kuyalinda maneno yake. Chakaa karibu naye, usiku kucha, mpaka atakapounyoosha mkono.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuziona aibu zetu kabla ya aibu za wenzetu, amwongoze kila mtafutaji kwenye njia iliyonyoka, na awafariji wote wanaolala peke yao na mizigo isiyosemeka. Amin.