Laini ya Simu ya Mshonaji wa Katwe

Nyundo za Katwe, mtaa wa mafundi jijini Kampala, hazinyamazi hata saa ya chakula. Nyuma ya kibanda kinachouza sigiri na masanduku ya bati ya wanafunzi, bibi mmoja, mweka hazina wa kikundi cha akina mama kwa miaka mingi, alikuwa akimenya ndizi za matooke. Msichana anayeshona sare za shule kwa cherehani ya kukodi aliketi mkekani kando yake.

“Jjajja,” alisema, akimwita bibi kwa Kiganda, “vijana walianzishiwa mfuko wao, akina mama wakaanzishiwa wao, na tangu 2022 serikali imeitengea kila parishi ya kiutawala shilingi milioni 100 kwa mwaka. Mbona mimi bado nakodi cherehani?”

“Umekwenda wapi kuomba?”

“Benki. Wakataka hati ya ardhi. Ardhi ya nyumbani ni ya baba na kaka zangu.”

Bibi alitikisa kichwa. Swali hilo la hati, alisema, limewazungusha wanawake wa Kampala tangu zamani. Mwaka 1984 baadhi yao walianzisha chombo chao cha fedha, Uganda Women's Finance and Credit Trust. Mwaka 2013 kikapata leseni ya benki ya biashara. Leo kinaitwa Finance Trust Bank, na makao yake makuu yako papo hapo Katwe.

“Tena jua sheria, mjukuu wangu. Tangu 2019 mali inayohamishika inaweza kuwekwa dhamana na kusajiliwa: cherehani, pikipiki, ng'ombe, hata majora ya vitambaa. Benki inaweza kukukatalia, ila isikwambie kwamba sheria inatambua ardhi peke yake.”

“Lakini mkopo wa nini, Jjajja, ikiwa watu wanasema vijana tukipewa pesa tunazila?”

Hapo bibi aliweka kisu chini. Akamsimulia habari za kaskazini mwa Uganda, ambako mwaka 2008, vita vikiwa vimetulia, serikali ilitoa ruzuku kwa vikundi vya vijana walioandika wenyewe mipango yao ya kazi. Maombi yalizidi fedha, kwa hiyo vikundi vikachaguliwa kwa bahati nasibu. Kila kijana aliangukiwa na takriban dola 380, na wengi walijifunza ushonaji au useremala, wakanunua vifaa. Watafiti waliwafuatilia. Baada ya miaka minne, kipato cha waliopewa kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha wenzao waliokosa.

“Walizila wapi?” aliuliza bibi. “Ila baada ya miaka tisa wale waliokosa walikuwa wamewafikia kwa kipato.”

Hakuificha sehemu hiyo, na alifanya vema, maana wengi wanaosimulia habari hii huishia mwaka wa nne.

“Basi ruzuku ilikuwa ya bure?”

“Ya bure vipi? Kuna miaka ambayo mmoja alikuwa na mashine na mwenzake analima vibarua. Waliokosa walijikongoja mpaka wakafika. Mimi naona hawakuwa wavivu. Walichelewa kwa kukosa mtaji.”

Msichana alinyamaza kidogo. “Tuseme nimeupata mkopo.”

“Hapo ndipo pagumu, hasa kwa mwanamke. Pesa taslimu ikiingia nyumbani, mume ana shida, shemeji ana karo, jirani ana msiba. Huwezi kusema huna, na wote wameiona.”

Jambo hilo nalo limepimwa hapa Uganda. Wanawake wapatao 3,000, wateja wa shirika la mikopo la BRAC, waligawanywa: baadhi walipokea mkopo mkononi kama kawaida, wengine mkopo wao ukaingizwa kwenye akaunti ya pesa za simu iliyofunguliwa kwa ajili ya biashara. Baada ya miezi 8, waliotumiwa kwenye simu walikuwa na faida kubwa zaidi kwa asilimia 15 na mtaji mkubwa zaidi kwa asilimia 11. Walionufaika kupita wote ni wale waliokuwa wakibanwa na jamaa kabla ya mkopo. Shilingi zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni mlango zilizopitia.

“Mimi simu ninayo,” msichana alisema, akiitoa mfukoni. Kisha akaitazama. “Ila laini imeandikishwa kwa jina la kaka.”

Bibi alishika tena kisu chake. “Kesho asubuhi, kabla hujaenda kuomba chochote, chukua kitambulisho chako ukasajili yako.”