Kwa Nini Skrubu Hulegea? Viunganishi vya Umeme katika Ndege Zilizoundwa Nyumbani

Katika Marekani, sheria humruhusu raia kujiundia ndege yake mwenyewe na kuirusha, maadamu sehemu kubwa ya kazi ameifanya kwa ajili ya elimu au burudani yake. Waundaji hao wana chama chao tangu mwaka 1953, kilichoanzishwa na Paul Poberezny katika jimbo la Wisconsin. Mtu wa namna hiyo hukata mabati ya alumini katika banda lililo nyuma ya nyumba, huyapiga ribiti, hufunga injini, na mwishoni hupitisha waya za umeme. Aghalabu huwa amekwisha kuchoka, na kazi ya waya haionekani na wageni wanaokuja kuitazama ndege. Hapo ndipo skrubu ndogo hupuuzwa.

Nyuma ya ubao wa vyombo vya rubani, waya za redio na za vipimo vya injini hukutana na vyombo vyao kwa njia ya viunganishi. Aina itumiwayo sana ni ile yenye ganda la chuma lililofanana na herufi D, iliyotolewa na kampuni ya Cannon ya Marekani mwaka 1952. Upande mmoja una pini, upande wa pili una matundu ya kuzipokea. Katika kila ncha ya ganda pana skrubu moja inayozivuta pande hizo mbili zishikamane. Skrubu hiyo ina kipenyo cha milimita 2.84, na hesi zake, yaani mfereji uliouzunguka mwili wake, ni 40 katika kila inchi. Basi umbali baina ya hesi moja na ya pili ni milimita 0.635.

Adui wa skrubu hiyo ni mtetemo. Injini ya silinda nne yenye mapigo manne huchoma mchanganyiko wa petroli na hewa katika silinda mbili kila inapozunguka mara moja. Ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, hupiga mara 4,800 kwa dakika, yaani mara 80 kwa sekunde. Katika safari ya saa tatu, kila skrubu ndani ya ndege huwa imetikiswa mara 864,000 na injini peke yake, mbali na misukosuko ya hewa.

Lakini kwa nini mtikiso uilegeze skrubu? Mwanafunzi akate karatasi yenye umbo la pembetatu na kuizungushia penseli. Ataona kwamba hesi si kitu kingine ila mteremko uliokunjwa. Katika skrubu iliyotajwa, mzingo wa katikati ya hesi ni kama milimita 7.64, na kila mzunguko mmoja hupanda milimita 0.635. Mteremko wake basi ni 0.635 kugawanywa kwa 7.64, yaani 0.083. Uwiano baina ya kani ya msuguano na kani inayogandamiza, chuma kinapokutana na chuma, huwa karibu na 0.15. Msuguano unauzidi mteremko kwa mbali. Kwa hesabu hiyo, skrubu iliyokazwa haiwezi kujifungua yenyewe hata baada ya miaka mia.

Hata hivyo hufunguka. Jaribio jepesi la darasani laweza kuonyesha sababu. Kipande cha mti kiwekwe juu ya ubao ulioinamishwa kidogo, kiasi ambacho mti hautelezi. Kisha ubao ugongwe kwa ubavuni, mara kwa mara. Mti utasogea upande, na papo hapo utaanza kushuka, ingawa hakuna aliyeusukuma kwenda chini. Msuguano hupinga mwendo kule mwendo uelekeako. Ukishatumika kupinga mwendo wa kwenda upande, haubakizi nguvu ya kutosha kuuzuia mti usishuke. Mhandisi Gerhard Junker alieleza jambo hili kwa skrubu na bolti mwaka 1969, alipoonyesha kwamba mtetemo wa kukingama, unaovifanya vitu viwili vilivyofungwa viteleze kila kimoja juu ya mwenziwe, ndio uzifunguao upesi kuliko ule wa kuvuta kwa urefu.

Dawa ya kwanza, kwa hiyo, ni kuzuia mtelezo wenyewe, na hilo hufanywa kwa kuivuta skrubu kiasi cha kutosha. Mafundi hutumia kanuni ya kukadiria: momenti ya kukazia ni sawa na 0.2 mara kipenyo mara kani ya mvuto. Tuseme momenti ni nyutoni-mita 0.5, ambayo mkono wenye bisibisi ndogo huitoa bila taabu. Kani ya mvuto itakuwa 0.5 kugawanywa kwa 0.2 na kwa 0.00284, yaani nyutoni 880 hivi, sawa na uzito wa mtu wa kilo 90. Skrubu nyembamba kuliko njiti ya kalamu yaweza kubana hivyo! Lakini ukitafuta ni sehemu gani ya juhudi ya mkono iliyoingia katika kubana, utakuta haifiki moja ya tano. Nyingine yote humezwa na msuguano chini ya kichwa na katika hesi.

Hapa pana hatari ambayo wengi hawaioni. Mkono hupima ugumu, haupimi mbano. Vifaa vingine huja na skrubu za vipimo vya mita, zenye kipenyo cha milimita 3 na umbali wa milimita 0.5 baina ya hesi. Kwa macho zinafanana na zile za inchi. Mtu akiingiza skrubu ya inchi katika nati ya mita, baada ya mizunguko miwili tu hesi zitakuwa zimeachana kwa milimita 0.27, zaidi ya nusu ya hatua moja, nazo zitaanza kukwaruzana. Mkono husikia ugumu na kuridhika, hali kiunganishi hakijabanwa hata kidogo.

Kosa la kinyume chake ni baya zaidi, kwa kuwa halitoi onyo lolote. Mfano wake mashuhuri haukutokea katika ndege ya kuundwa nyumbani wala katika kiunganishi cha umeme, bali katika dirisha la ndege ya abiria ya Uingereza aina ya BAC 1-11, tarehe 10 Juni 1990. Dirisha la mbele lilikuwa limebadilishwa muda mfupi kabla ya safari, na fundi alichagua bolti mpya kwa kuzilinganisha na za zamani. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa na kipenyo pungufu kwa milimita 0.66. Idadi ya hesi katika inchi ilikuwa ileile, 32, kwa hiyo ziliingia pasipo kukwama. Ndege ilipopanda zaidi ya mita 5,000, dirisha lilifumuka, na rubani mkuu akavutwa nusu ya mwili wake nje. Wahudumu walimshika, rubani msaidizi akatua Southampton, wala hakuna aliyekufa.

Katika kiunganishi madhara huja polepole. Pini iliyopakwa bati ikichezacheza kwa sehemu ndogo mno ya milimita, utando wa bati lililoungana na oksijeni hujikusanya mahali pa mguso, ukinzani ukapanda, na mkondo ukaanza kukatika na kurudi. Dhahabu haishikwi na oksijeni, ndiyo maana pini bora hupakwa dhahabu. Lakini hata dhahabu haisaidii kiunganishi kikichomoka. Redio ikinyamaza, rubani aweza kuendelea kuruka. Katika ndege ambayo cheche za injini hutolewa na chombo cha elektroniki kinachotegemea kiunganishi kimoja, injini yenyewe hunyamaza.

Muundaji mwangalifu hupima skrubu kwa kipimo cha hesi, si kwa jicho. Urefu nao hutazamwa: skrubu ndefu mno hufika mwisho wa tundu kabla haijabana, na fupi mno hushika hesi chache zinazoweza kung'oka. Karibu na dira ya sumaku hutumiwa chuma kisichoshika kutu cha aina isiyovutwa na sumaku, maana skrubu ya chuma cha kawaida yaweza kuipotosha dira. Mkungu wa waya hufungwa kwenye mwili wa ndege karibu na kiunganishi, ili uzito wake usining'inie kwenye skrubu. Tone la gundi ya hesi husaidia, ila baadhi ya plastiki hupasuka ikiigusa. Kisha mstari wa rangi huchorwa kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye ganda; skrubu ikigeuka hata kidogo, mstari huvunjika, na mkaguzi huuona kwa tochi katika ukaguzi ambao sheria ya Marekani huudai kila miezi 12.